Tairi lisikupasukie safarini: nini ununue kwanza kwa Noah, Alphard na Hiace

Desemba ikikaribia, Noah, Alphard na Hiace za familia hupakiwa mpaka juu ya keria kuelekea Moshi, Mbeya, Bukoba na kwingineko. Msimu huo huo maduka ya vipuri hujaa vitu vinavyosemekana kuzuia tairi kupasuka: sensa za kupima upepo, nitrojeni, dawa za kuziba pancha, pampu za kila rangi. Vingine vinafaa sana, vingine ni vya kuongezea tu fedha ikibaki. Hapa nimevipanga kwa jinsi ninavyoona vinastahili fedha ya mtu mwenye gari lililojaa watu na mizigo, linalokwenda kilomita mia tano na zaidi kwenye jua.

Tairi kupasuka mwendoni mara nyingi si habari ya msumari. Ni habari ya joto. Tairi la Noah la 195/65R15, gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, huzunguka kama mara 14 kila sekunde. Upepo ukiwa pungufu, kila mzunguko mashavu ya tairi yanakunjwa na kukunjuliwa kupita kiasi, na joto linajikusanya ndani ya mpira. Ongeza mzigo, ongeza lami ya mchana kati ya Mombo na Same, ongeza mpira uliokwisha kuzeeka. Mpira unaachana na nyaya za chuma zilizomo ndani, halafu tairi linachanika.

Nafasi ya kwanza: matairi mapya, yenye uzito unaotakiwa

Naanza na kitu cha bei kubwa kwa sababu hakuna kifaa kinachoziba pengo lake. Tairi ambalo mpira wake umeanza kuachana na nyaya linaweza kuonyesha upepo kamili mpaka sekunde linapochanika. Geji haitaliona, sensa haitaliona.

Dukani, kabla hujauliza bei, tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 3518 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Mara nyingi tarehe kamili iko upande mmoja tu, kwa hiyo usipoiona mwambie muuzaji aligeuze, na ageuze kila moja kati ya manne, maana seti moja inaweza kuwa imechanganywa miaka. Lililokaa stoo zaidi ya miaka miwili mimi silichukui, hata kama bado lina vinyweleo vyake vya kiwandani. Michelin inashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na liondolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa. Kwa joto letu na mizigo yetu, naweka ukomo wa miaka 6.

Walioagiza gari Japani wawe waangalifu zaidi hapa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini gari la miaka 7 linaweza kushuka Mombasa likiwa na matairi ya umri ule ule, kashata (mpira wa juu wenye mifereji unaogusa lami) bado nene kwa sababu lilitembea kidogo. Watu wengi huangalia kashata tu, wakaridhika.

Baada ya tarehe, soma namba ya uzito, ile inayofuata ukubwa wa tairi. Kwenye 195/65R15 91, hiyo 91 ina maana tairi moja linabeba kilo 615, yaani manne kilo 2,460. Noah yenyewe ina kama kilo 1,600. Weka watu wanane wa kilo 70, umefika 2,160, na bado hujapakia magunia, masanduku na keria. Isitoshe mzigo haugawanyiki sawa. Matairi ya nyuma ndiyo yanayoelemewa. Ukubwa huo huo unapatikana pia kwa namba 95 yenye maandishi XL (tairi lililoimarishwa), kila moja kilo 690, ila huhitaji upepo zaidi kidogo ndipo libebe uzito huo wote. Kwa Noah ya safari ndefu, hilo ndilo la kununua.

Kwa Hiace usikubali kabisa tairi la gari dogo eti kwa sababu limeingia kwenye rimu. Ukubwa wake wa kawaida ni 195/80R15 107/105 LT (tairi la gari dogo la mizigo), na 107 ni kilo 975. Mengine huandikwa C baada ya R15. Pasipokuwa na LT wala C, rudisha.

Wenzetu wa Marekani wenye motohomu, yale magari makubwa yenye kitanda na jiko ndani, wanalijua vizuri suala la tairi lisilolingana na kazi. Mwaka 2022 kampuni ya Goodyear ilitaka yarudishwe matairi yake ya G159 zaidi ya 173,000 yaliyotengenezwa kati ya 1996 na 2003, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo kusema kwamba yakifungwa kwenye motohomu kashata zinaweza kubanduka.

Matairi ya mtumba sina nafasi ya kuyapa. Hupakwa dawa yakang'aa, mengine huchongwa upya kwa kisu, na hujui yalitembea na upepo gani huko yalikotoka. Fedha ikitosha mawili mapya tu, nunua mawili mapya uyafunge nyuma, mengine ufunge mwezi ujao.

Nafasi ya pili: geji yako mwenyewe

Geji ya mpira wa kituo cha mafuta imeangushwa chini na kukanyagwa mara nyingi mno kuaminika. Nunua yako. Ya mshale au ya dijitali zote sawa, mradi namba unayoihitaji ikae katikati ya kipimo chake: kwa Noah geji ya kufika 60 psi (psi ni kipimo cha upepo) inatosha, kwa Hiace chukua inayofika 100. Zile za umbo la kalamu ni rahisi kubeba, lakini mstari mmoja ni mgumu kusoma gizani, na kupima kunafanyika alfajiri.

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kipimo kingine, kPa. 240 kPa ni kama 35 psi. Pima gari halijatembea. Likishakimbia, upepo hupanda psi 4 hadi 6 wenyewe, na hapo ndipo wengi huharibu: wanaona 40, wanapunguza, kumbe wameligeuza kuwa tairi lenye upepo pungufu.

Nafasi ya tatu: sensa za upepo

Marekani ililazimisha magari madogo mapya kuwa nazo kuanzia Septemba 2007, baada ya ajali za matairi ya Firestone yaliyorudishwa mwaka 2000. Magari mengi tunayopata kutoka Japani hayana, kwa hiyo tunafunga wenyewe.

Za nje hufungwa kwenye vali badala ya kifuniko. Unazifunga mwenyewe kwa dakika chache na betri zake hubadilishwa. Ubaya wake ni wezi, na kwa walio karibu na bahari, chumvi inayozigandisha kwenye vali. Chagua zenye nati ya kuzuia wizi, na ubadilishe vali za mpira uweke za chuma, kwani sensa nzito huiyumbisha vali ya mpira mpaka ichanike shingoni. Za ndani zinahitaji tairi livuliwe. Kwa hiyo ukinunua matairi mapya, zifunge siku hiyo hiyo. Baadaye utalipa fundi mara ya pili.

Chukua seti yenye skrini yake ya kuweka dashibodini. Zile zinazotegemea programu ya simu pekee nazishusha chini, kwa sababu simu hiyo hiyo inapigiwa, inaonyesha ramani, na inaisha chaji. Ukizifunga, usiache namba za kiwandani. Kama kipimo chako cha asubuhi ni 35, weka mlio wa chini kwenye 31 na wa juu kwenye 44. Mlio wa joto usiufanye tegemeo, kwani sensa inapima hewa, si mpira wenyewe, na mpira unaweza kuwa na joto zaidi.

Nafasi ya nne: pampu ya umeme

Sensa ikilia katikati ya Segera na Korogwe, unahitaji njia ya kurudisha upepo. Kwa Noah, pampu ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara inatosha. Kwa Hiace nunua inayobana moja kwa moja kwenye betri, maana fyuzi ya tundu lile hukata mapema. Inayojizima yenyewe ikifika namba uliyoweka ina thamani ya kuongezea fedha kidogo.

Vinavyobaki

Nitrojeni haina madhara, lakini hewa ya kawaida ni nitrojeni asilimia 78 tayari. Ukipewa bure kubali. Dawa ya kuziba pancha inasaidia tundu dogo la msumari kwenye kashata, haisaidii shavu lililopasuka, na inaweza kuziba sensa ya ndani. Mikanda ya chuma ya kufunga ndani ya rimu, inayotumiwa sana na wenye motohomu Uingereza, haizuii tairi kupasuka. Kazi yake ni kulizuia lisitoke kwenye rimu baada ya kupasuka. Kuipata huku ni kazi.

Tairi la spea nalo lina DOT. Lisome, lipime upepo, na ujaribu spana ya nati ukiwa nyumbani, kwa sababu fundi aliyefunga kwa mashine anaweza kuwa amezikaza kuliko mkono wako unavyoweza kufungua.