Kamera ya njia ya hewa kwa mtoto: huduma tuliyopata Nairobi

Kina mama wa hapa Umoja wananiuliza kila siku kuhusu kipimo alichofanyiwa Imani wangu, basi naandika hapa kila mtu asome. Ni kile cha kupitisha kamera nyembamba puani hadi ndani ya bomba la hewa, wenyewe wanakiita bronkoskopi. Tulifanyiwa katika hospitali ya binafsi, matatu mbili kutoka kwetu. Jina lake siliandiki kwa sababu nina malalamiko nao, ingawa kazi yenyewe waliifanya vizuri sana.

Imani ana miezi tisa. Tangu akiwa mchanga alikuwa akitoa pumzi kwa mlio, na akikohoa anabweka. Kila kliniki tuliyoingia tuliambiwa ni pumu. Anawekwa kwenye nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke, ya salbutamoli, dawa ya pumu, tunapewa chupa ya dawa ya kikohozi, tunarudi nyumbani na mlio wetu. Mama mkwe ndiye aliyegoma. Alisema, "Huyu mtoto akilala ametulia hana mlio. Pumu gani hii inayongoja mtu alie?"

Mtaalamu wa mapafu ya watoto aliposikia hayo aliyachukulia kwa uzito, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Alimvua Imani nguo, akamtazama kifua, kisha akamwacha alie huku akisikiliza. Akanieleza kwamba mlio wa wakati wa kuvuta pumzi mara nyingi hutoka juu, kwenye koromeo, na kwa watoto wachanga huo ndio wa kawaida zaidi. Mlio wa wakati wa kutoa pumzi humfanya aangalie chini zaidi, kwenye bomba lililo ndani ya kifua. Akachora nyuma ya fomu: bomba linashikiliwa na pete za gegedu zenye umbo la herufi C, na upande wa nyuma ni misuli tu. Gegedu zikiwa laini mno, mtoto akilia au akikohoa shinikizo la kifua hulibana bomba lake mwenyewe. Salbutamoli inalegeza misuli, kwa hivyo mtoto wa aina hii huenda isimsaidie, na wengine huwazidishia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilimwomba wampe Imani nusukaputi kamili asihisi chochote. Daktari akaniambia, "Mama Imani, tukimlaza kabisa na mashine ikampumulia, ule upepo wa mashine utalishikilia bomba likae wazi. Tutaona bomba zuri, tukuambie mtoto ni mzima, na mlio uendelee." Mtoto hupewa dawa ya usingizi ya kiasi, atulie lakini aendelee kupumua mwenyewe, kwa sababu kinachotafutwa ni kile bomba linachofanya hewa inapopita. Kama mtoto wako anapelekwa kupimwa hivi, uliza kabla ya kulipa: atakuwa anapumua mwenyewe? Atakayempa dawa ya usingizi amezoea watoto wadogo?

Kufunga kula kulitutesa. Maziwa ya mama yanasimamishwa saa nne kabla ya kipimo, uji na maziwa ya kopo saa sita, maji matupu saa mbili. Tuliambiwa tufike alfajiri, tukaitwa karibu adhuhuri. Kumshika mtoto wa miezi tisa mwenye njaa huku maziwa yanakutiririka ni adhabu, na hakuna aliyekuja kutueleza kwa nini tunangoja. Sista mmoja ndiye aliyekwenda kuuliza thieta, chumba cha upasuaji, akarudi na ruhusa ya kumpa maji kidogo. Mungu ambariki. Lakini mtoto mdogo kuliko wote kwenye orodha angepaswa kuwa wa kwanza, wala hilo halihitaji pesa.

Niliruhusiwa kumshika mpaka akasinzia. Walimpulizia ganzi puani na kooni, wakamfunga kidoleni cha mguu kile kitaa chekundu cha kupima oksijeni, wakaniomba nitoke. Kipimo chenyewe kilikuwa kifupi kuliko kungoja kwake.

Baadaye daktari akanionyesha video, tukaitazama pamoja polepole. Imani akiwa ametulia, bomba ni la waridi, la mviringo, pete zinahesabika. Kisha dawa inaanza kupungua, anakohoa, na ukuta wa nyuma unakuja mbele hadi unabaki upenyo mwembamba uliopinda. Akivuta pumzi, unafunguka tena. Daktari hakuitoa kamera mapema, alikingojea hicho kikohozi. Kiwango kinachotumiwa na wengi ni nusu: bomba likipoteza zaidi ya nusu ya upana wake wakati wa kutoa pumzi, wanasema ni trakeomalasia, yaani bomba la hewa lililo laini mno. La Imani lilipita hapo. Aliteremka pia hadi kwenye matawi mawili ya mapafu, akatafuta kama kuna mshipa wa damu unaolikandamiza bomba kutoka nje. Hakuona.

Hakunyonya mpaka ganzi ya koo ilipoisha, na usiku alipata homa kidogo, jambo ambalo tulikuwa tumeonywa. Salbutamoli tumeacha kwa agizo la daktari. Watoto wengi hupona wenyewe gegedu zinapokomaa, mara nyingi kufikia miaka miwili. Wachache huhitaji mashine ya kusukuma hewa au upasuaji. Tumeambiwa akigeuka rangi ya buluu akinyonya, au akisimama kupumua, tukimbie hospitali bila kungoja miadi.

Malalamiko yangu ya pili ni bili. Makadirio tuliyopewa hayakuwa na malipo ya daktari wa usingizi, tukayakuta kwa keshia mtoto akiwa bado analegea mkononi. Wewe dai makadirio ya maandishi yenye kila kitu, na idhini ya bima itoke kabla ya siku yenyewe.

Ukimaliza, usiondoke na karatasi iliyoandikwa jina la ugonjwa peke yake. Yetu imeandika sehemu ya bomba inayoporomoka, ni wakati gani wa pumzi, kwa kiasi gani, na kwamba mtoto alikuwa akipumua mwenyewe. Video nayo niliiomba, wakaniwekea kwenye flashi bila kunitoza kitu.