Uzoefu wangu: MuseScore na nota za ala zinazohamisha sauti

Kwa miaka kadhaa niliandika kwa mkono nota za kikundi chetu kidogo: fluti, klarineti mbili, saksafoni alto, horni na tromboni. Kilichonichosha zaidi si kutunga, ni kuhamisha, yaani kuandikia kila ala nota zake tofauti ili sauti zote zikubaliane. Klarineti ya B flati ikipiga C iliyo kwenye karatasi yake, sikio linapata B flati. Alto ikipiga C hiyohiyo inasikika E flati ya chini yake, na horni inatoa F. Wimbo ni mmoja, lakini kila mtu ana ufunguo wake, na nota moja ikikosewa mazoezi yanasimama tukitafuta kosa liko kwa nani.

Sasa natumia MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia nota. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ina mambo mengi, lakini mimi nimebaki nayo kwa sababu ya kitufe kimoja tu, kilichoandikwa Concert Pitch.

Kikiwashwa, mistari yote inaonyesha sauti inayosikika. Nikipanga E flati, G na B flati kwa ala tatu, naziona hivyohivyo, na sauti ikigongana na nyingine naigundua kwa macho. Nikikizima, kila ala inarudi kwenye nota za mpigaji: wimbo wa E flati meja unakuwa F meja kwa klarineti, B flati meja kwa horni, na kwa alto unakuwa C meja, haina shapu wala flati (alama za kupandisha au kushusha nota nusu toni). Sijaandika upya hata nota moja. Kazi iliyokuwa inanila jioni nzima!

Ila programu haiwezi kujua unanakili kutoka wapi, na hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa na karatasi ya zamani ya klarineti, tayari imehamishwa, nikaiingiza kitufe kikiwa kimewashwa. Programu ikazichukua nota zile kuwa ndizo sauti halisi, ikazipandisha toni nzima nyingine. Tulipoanza mazoezi, klarineti zote mbili zilikuwa toni moja juu ya wenzao tangu bari ya kwanza. Siku hizi, kabla ya nota ya kwanza, natazama kitufe. Karatasi ya mpigaji naiingiza kikiwa kimezimwa.

Jambo jingine ninalolipenda mno ni rangi. Nota isiyofikiwa na ala inageuka nyekundu. Juzi niliwapa alto mstari wa tromboni ulioshuka hadi C iliyo oktava moja chini ya C ya kati, ikawaka nyekundu papo hapo. Alto ya kawaida inaishia B flati ya kuandikwa, yaani D flati ya kusikika, kwa hiyo ilipungukiwa nusu toni tu. Kwa mkono nisingeliona hilo mpaka mpigaji aniambie.

Kuchagua ufunguo bado ni kazi yako wewe mwandishi. Wimbo wetu wa karibuni ulikuwa E meja, mzuri kwa gitaa niliyoutungia. Kwa klarineti huo ni F shapu meja, shapu sita. Horni inapata B meja, shapu tano. Programu inaandika yote hayo sawasawa kabisa, lakini anayesoma ni binadamu, na klarineti wetu wa pili hajamaliza mwaka tangu aanze kujifunza. Nikachagua wimbo mzima, nikaushusha nusu toni, nikachapa karatasi zote upya. Yake ikatoka na flati moja. Aliupiga mwanzo hadi mwisho bila kusimama.