Mkwaruo halisi au wa kuigiza?
Kule Marekani, dume mkubwa wa kulungu wa mkia mweupe hukwarua ardhi kwa kwato chini ya tawi, hukojoa hapo, kisha husugua uso kwenye tawi lenyewe. Ukiwinda kwa kuvizia kwenye mkwaruo halisi, una hakika kulungu amepita. Ila mara nyingi hurudi usiku, na mahali amepachagua yeye. Wa kuigiza unauweka wewe, mita 20 hivi kutoka kwenye maficho, upepo ukija upande wako. Tawi ndilo la muhimu, liwe usawa wa kifua. Mkojo wa kulungu unaouzwa kwenye chupa? Ningeuacha: baadhi ya majimbo yameupiga marufuku kwa hofu ya ugonjwa wa prioni (protini mbovu zinazoambukiza) unaokondesha kulungu. Mwishoni mwa Oktoba, mimi na wa kuigiza.