Jibu lilikuwa Zambia: uzoefu wangu wa usiku wa chemsha bongo

Nianze na hasira, mazuri yatafuata kama yatabaki.

Juzi juzi hapa tulikwenda kwenye usiku wa chemsha bongo kwenye mgahawa mmoja wa hapa Dar. Jina silitaji, wanajijua. Mada ya siku hiyo ilikuwa mwaka 1964. Kiingilio elfu kumi kwa kichwa, soda na mishikaki unajilipia. Meza yetu tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti wa dada yangu aliyeko chuo, na baba mdogo, ambaye mwaka huo alikuwa kijana wa shule na redio ya jirani ndiyo ilikuwa dunia yake.

Tulishindwa kwa pointi moja. Moja! Na hiyo moja tulinyang'anywa mchana kweupe, ingawa ilikuwa saa tatu usiku.

Swali lilikuwa hivi: kwenye Olimpiki ya Tokyo, nchi gani iliingia uwanjani kwa jina moja ikatoka kwa jina jingine? Baba mdogo hakungoja swali liishe. "Zambia," akaninong'oneza, nikaandika kwa herufi kubwa. Michezo ilifunguliwa tarehe 10 Oktoba, wakapita kama Rhodesia ya Kaskazini. Ilifungwa tarehe 24 Oktoba, siku ileile waliyopata uhuru, wakatoka na bendera yao mpya. Swali tamu kabisa, aliyelitunga namvulia kofia. Bahati mbaya hakuwa yeye aliyeshika kipaza sauti.

Aliyekishika akatangaza: "Jibu sahihi ni Tanzania." Meza ya nyuma yetu wakaruka juu kama wamefunga goli.

Nikasimama. Nikaeleza kwa upole (mke wangu anasema haukuwa upole) kwamba Muungano ulikuwa tarehe 26 Aprili, Tokyo bado miezi mitano na ushee, na jina la Tanzania lilipatikana tarehe 29 Oktoba, siku tano baada ya mwenge kuzimwa. Sasa uwanjani walitoka nalo vipi, jina ambalo lilikuwa halijazaliwa?

"Mzee, hapa tunafuata karatasi."

Nikamwambia karatasi imekosea. Akacheka kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Basi kama unajua sana, mwezi ujao njoo uendeshe wewe." Watu vicheko. Mzee! Mimi niko arobaini na kidogo. Mzee mwenyewe alikuwa pembeni yangu ametulia, anatafuna mshikaki wake.

Na ushahidi ningeutoa wapi? Simu zote zilikusanywa kwenye kapu mlangoni. Unanyang'anywa simu usidanganye, halafu unakaa pale unadanganywa.

Kuanzia hapo kila kitu kikaniharibikia. Mishikaki ikawa mpira wa ndala. Feni ilikuwa inapuliza meza za wenzetu tu. Kiti changu kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na naapa kabla ya swali lile hakikuwa hivyo. Simu ilipotoka kapuni nikamfuata yule kijana, nikamwonyesha tarehe zote mbili. Hakuangalia hata kioo. "Zawadi imeshatoka, mzee." Zawadi yenyewe jagi la umeme. Letu nyumbani limeungua tangu Ramadhani.

Hapo ndipo nilipoapa kuwapa nyota moja, na hiyo moja ni ya aliyetunga maswali.

Maana, nisiwe mchoyo, maswali mengine yalikuwa moto. Kulikuwa na hili: tarehe 12 ya mwaka huo inaunganisha nini Zanzibar, Pretoria na Nairobi? Tulikuna vichwa mpaka binti akaipata: Mapinduzi tarehe 12 Januari, Mandela na wenzake kuhukumiwa kifungo cha maisha tarehe 12 Juni, Kenya kuwa jamhuri tarehe 12 Desemba. Tarehe moja, miezi mitatu tofauti. Umri wangu wote sikuwahi kuliona hilo. Kuna la mtego pia: nani alimpiga Sonny Liston kule Miami mwezi wa Februari? Meza kibao wakaandika Muhammad Ali, wakala za uso, kwa sababu swali lilitaka jina alilopandia nalo ulingoni usiku ule, Cassius Clay. Mke wangu akatuletea pointi ya Beatles, kwamba kuna wiki ya Aprili walishika nafasi zote tano za juu kwenye chati ya Marekani. Na lilipokuja swali la medali ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki, baba mdogo alisahau kunong'ona kabisa. "Kiprugut! Mita mia nane! Shaba!" Meza zote zikanakili. Sikumlaumu, alikuwa na furaha ya mtoto.

Sasa sehemu ambayo mke wangu amesema nisipoiandika ataiandika yeye.

Usiku ule sikulala. Nilikaa na simu nakagua maswali yote, nijenge kesi. Nikafika kwenye swali la Abebe Bikila: alishinda marathoni ya Tokyo akiwa amevaa nini miguuni? Sisi tuliandika peku, karatasi yao nayo ikasema peku, tukapewa pointi. Kumbe peku ilikuwa Roma, 1960. Tokyo alikimbia na viatu, tena wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Na ile meza ya nyuma, washindi wa jagi, waliandika viatu. Nakumbuka kuna dada mmoja pale alinyoosha mkono kulalamika, na mimi nikawa miongoni mwa waliomcheka.

Nikapiga hesabu upya. Tupewe Zambia, tunyang'anywe Bikila. Wao wanyang'anywe Tanzania, wapewe viatu. Nimerudia mara tatu kwenye karatasi ya bili. Bado wanatushinda kwa moja.

Kwa hiyo jagi ni lao kihalali, sawa. Nyota nazifanya mbili. Nilishaandika tatu hapa, nikakumbuka ile "zawadi imeshatoka, mzee", nikafuta.

Baba mdogo ameshauliza mwezi ujao ni mwaka gani. Ni 1967. Tangu nimwambie, kila akipiga simu ananihoji vipengele vya Azimio la Arusha kabla hata ya salamu. Kiingilio cha watu wanne nimeshakituma. Yule dada wa viatu nikimkuta nitampa mkono. Yule kijana wa kipaza sauti namletea tarehe zile mbili kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo anayoifuata.

Jibu lilikuwa Zambia.