Led Zeppelin IV: anza na wimbo wa mwisho

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni. Leo ni albamu ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza. Jalada lake hili hapa, liangalieni vizuri: mzee kainama, mgongoni mzigo wa fito, picha yake ipo kwenye ukuta wenye karatasi zinazobanduka. Jina la bendi halipo, la albamu nalo halipo. Ilitoka hivyo hivyo Novemba 1971. Tunaiita IV kwa kuwa ni ya nne.

Wengi wakishaiweka tu wanakimbilia Stairway to Heaven. Ni wimbo mzuri, sipingi, dakika nane zinakwisha hata hujui. Ila leo nawaomba mgeuze santuri, sindano muipeleke mwisho kabisa wa upande wa pili: When the Levee Breaks. Bluzi yenyewe, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, iko hapo.

Wimbo huu Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi 1929, miaka miwili baada ya mto Mississippi wa Marekani kuvunja kingo zake na kuacha mamia ya maelfu ya watu bila makazi. Wao walikuwa na magitaa na sauti ya Joe, basi.

Sasa rudini kwa Led Zeppelin, mmsikilize mpiga dramu wao, John Bonham. Dramu zake ziliwekwa chini ukumbini, penye ngazi, katika nyumba kongwe ya Headley Grange huko Hampshire, Uingereza, na maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu. Kwa hiyo kila pigo linakuja na nyumba nzima: puu! halafu mwangwi unalifuata nyuma. Kisha mkanda wakaupunguza kasi. Ndiyo maana harmonika ya mwimbaji wao, Robert Plant, inajikokota, nzito, kama maji ya mafuriko yaliyojaa tope. Mara ya kwanza niliusikilizia kwenye simu, sikuambulia kitu. Siku nilipovaa hedifoni nilikaa kimya mpaka ukaisha, nikaurudia.

Kwenye albamu hii jina la Memphis Minnie limeandikwa kati ya watunzi wa wimbo huo, na hilo limenifurahisha. La Joe, aliyeuimba, halimo. Linaniuma mpaka leo.

Four Sticks ndio wimbo ninaouruka. Bonham anapiga kwa vijiti vinne, viwili kila mkono, kazi kubwa, lakini haunishiki.

Kama mnanunua, chukueni toleo la 2014 ambalo mpiga gitaa wa bendi, Jimmy Page mwenyewe, alilisimamia. Lile lenye diski ya ziada lina nyimbo zilezile nane zilizochanganywa tofauti kidogo. Kwa msikilizaji wa kawaida, diski moja inamtosha.