Ramani ya simu na njaa ya Congo Nile Trail: nimeijaribu siku tano

Habari zenu wadau. Najua wengi mlikuwa mnasubiri ile video ya matairi, itakuja, msinitukane kwenye maoni. Leo nachambua kitu ambacho karibu kila mmoja wenu anacho mfukoni: programu ya ramani isiyohitaji intaneti. Zile za bure, unapakua nchi nzima ukiwa kwenye Wi-Fi, unazima data, unatembea. Kuonyesha njia zinaonyesha, hilo sina ugomvi nalo. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: ukiwa na njaa katikati ya milima, hii kitu itakupeleka kwenye sahani?

Jina la programu silitaji, na haina haja. Nyingi za aina hii zinachota kwenye kisima kimoja, OpenStreetMap, ramani inayojazwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Ukihama programu, rangi za vitufe zitabadilika. Mgahawa ni uleule.

Nimeijaribia Congo Nile Trail, kule Rwanda. Kwa asiyeijua: unaanzia Rubavu, ile Gisenyi iliyopakana na Goma, unashuka kusini ukiandamana na Ziwa Kivu mpaka Rusizi, ng'ambo ya mto ni Bukavu. Kilomita 227. Waenda kwa miguu wanapigiwa hesabu ya siku kumi, wa baiskeli tano. Nami nilitumia tano, na ya kwanza nusura niikatishe.

Ukisikia "kandokando ya ziwa" usifikirie barabara ya ufukweni. Mimi ni mtu wa Mwanza, nilijua habari za ziwa nazijua. Hapana. Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na milima inaingia moja kwa moja majini. Unashuka mpaka unaona mitumbwi, unapanda mpaka unaona mawingu, unashuka tena. Siku nzima. Mwili unakula mafuta kama lori bovu.

Sasa siku ya kwanza. Nimetoka Rubavu asubuhi na chai na chapati moja tumboni, nikijiambia mbele nitakula vizuri. Napita Nyamyumba, pale kwenye kiwanda cha bia. Wadau, ile harufu ya kimea asubuhi, na tumbo halina kitu, ni mateso. Saa tano nasimama, nafungua simu, natafuta mgahawa. Inanipa orodha, wa kwanza uko kilomita mbili na nusu. Nikashangilia peke yangu barabarani.

Hebu niwaonyeshe hapa kwenye skrini. Mnaona hii namba? Ndiyo iliyoniponza. Hii ni umbali wa kunguru. Programu imepiga mstari ulionyooka kutoka niliposimama hadi kwenye alama. Na mwambao wa Kivu umejaa ghuba na rasi, kama vidole vya mkono. Mgahawa ulikuwa kwenye kidole kingine! Kati yangu na wali kulikuwa na maji. Nikibonyeza "nipeleke", ndipo inasema ukweli: kilomita kumi na moja, na ule mchoro wa miinuko unaonekana kama meno ya msumeno.

Nikaenda. Nikafika. Ni nyumba ya kulala wageni, na dada wa pale, mpole kabisa, akaniambia chakula kipo lakini kinaagizwa. Akaenda kuwasha moto. Kuku alifika baada ya saa mbili kasoro. Simlaumu mtu hapo, kuku alikuwa anatembea nilipofika. Ila mimi nilikuwa nimeshakata moto kitambo, mikono inatetemeka, nimelala kwenye benchi na kofia ya baiskeli kichwani.

Kwa hiyo somo la kwanza la bidhaa hii: kabla hujaamini orodha, bonyeza njia. Kila mara. Na alama ikiwa ni ya hoteli au nyumba ya wageni, hesabu kwamba chakula kitapikwa wewe ukiwepo. Piga simu mapema. Na ukifika unapolala, agiza kabla hujaoga. Watu wanaoga kwanza, halafu wanakula saa nne usiku.

Siku ya pili nikaingia kwenye njia yenyewe ya vumbi, upande wa Rutsiro, kuelekea Kinunu. Kahawa tupu, kule chini ufukweni kuna kituo cha kuoshea kahawa. Ramani ikawa nyeupe pee. Hakuna alama hata moja kwa masaa. Hapo sasa ndipo nilipogundua jambo ambalo limenifanya nitengeneze hii video.

Nimesimama kwenye kijiji, maduka sita, saa sita na nusu mchana. Natazama huku na huku, sioni mtu anakula. Kwetu ungeona mama ntilie, masufuria nje, watu kwenye mabenchi na sahani mapajani. Pale hakuna. Wanyarwanda kula hadharani njiani hawakupendi, ukitembea huku unatafuna watakuangalia kama umetoka bila suruali. Chakula kiko ndani. Mlangoni kuna pazia.

Nilichoona ni baiskeli. Sita au saba, zimeegemezwa kwenye ukuta mmoja, zile nzito nyeusi zenye kiti cha abiria nyuma. Ni za abanyonzi, vijana wa teksi za baiskeli. Pembeni ya mlango kuna ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. Juu pameandikwa kwa mkono, RESITORA, herufi za mwisho zimebanana kwa sababu ubao uliisha. Nikafunua pazia. Ndani watu kumi na wawili, kimya, wanakula!

Tangu hapo sikuhangaika tena. Saa sita mchana, natafuta ukuta wenye baiskeli nyingi. Mtu anayebeba abiria kwa miguu yake kwenye milima ile hali mahali pabaya, na hali pa ghali.

Sasa ngoja niwaeleze kinacholiwa mle ndani, maana hapa patamu. Kinaitwa mélange. Vyombo vimepangwa mezani: wali, viazi mviringo, ndizi za kupika, maharage, tambi, mihogo, dodo, yaani mchicha. Unapewa sahani. Unajipakulia mwenyewe kiasi unachotaka, lakini safari ni moja tu. Ukishakaa, umekaa. Nyama anakuwekea mwenye mgahawa, vipande viwili na mchuzi, usijihudumie, utaleta kesi.

Kwa hiyo kupakua ni ufundi. Kuna kijana alikuwa mbele yangu, nilimwangalia kama naangalia fundi ujenzi. Alianza na viazi, akavipanga pembezoni mwa sahani kama ukuta. Katikati akamwaga wali, akaukandamiza na mgongo wa upawa. Juu maharage, yale mazito, yashike. Ndizi mbili zimesimama kama nguzo. Tambi juu kabisa kama paa. Akatembea na ule mlima mpaka mezani, halikuanguka hata harage moja. Mimi wangu ulibomoka njiani, watu wakacheka, na ndiyo nikapata marafiki. Nililipa faranga elfu mbili, kama shilingi elfu tatu na ushee za kwetu. Juu ya meza kuna kichupa kidogo cha Akabanga, mafuta ya pilipili. Ni matone jamani. Matone mawili. Msijifanye wanaume.

Lakini mélange ina saa zake. Sufuria zinatoka kama saa sita, na kwenye vijiji vidogo saa nane unakuta mtu anaosha vyombo. Neno mtakalolisikia ni "byashize". Vimekwisha. Hapo ndipo ramani inashindwa kabisa: alama ipo, mgahawa upo, mama yupo, chakula hakipo. Sehemu ya saa za kufungua kwenye programu, kwa njia nzima ile, karibu kote ni tupu. Uzuri ni kwamba saa zao ni zetu. Wanasema saa sita, saa saba, saa kumi, na kuhesabu ni kuanzia asubuhi kama sisi. Ukiuliza "ibiryo birahari?", chakula kipo, halafu ukataja saa, mmeelewana. Kiswahili chenyewe ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, ila vijijini huko kandokando usikitegemee sana. Mijini, Rubavu na Kamembe, ule mji wa Rusizi mwisho wa njia, utakula nacho mpaka usingizi.

Kati ya mlo na mlo unaishi na vitu vidogo. Imineke, ndizi mbivu, kila mahali. Ubunyobwa, karanga. Mayai ya kuchemsha. Na maziwa, wadau! Ukiona kibanda kimeandikwa AMATA, shuka. Kuna inshyushyu, maziwa ya moto, na ikivuguto, mtindi mzito wa baridi unaokunywewa kwenye kikombe kikubwa. Nimejaribu vile vijeli vya wazungu vya kunyonya kwenye mbio, nimewahi kuvichambua humu humu. Kikombe cha ikivuguto na maandazi mawili kinanipandisha mlima mrefu zaidi. Vibanda vya maziwa kwenye ramani? Sikuona hata kimoja. Nimeviongeza vitatu mwenyewe, ndiyo raha ya kisima cha kujitolea, nawe unatia maji.

Kosa langu jingine, na hili ni la kwangu, simsingizii mtu. Niliondoka Karongi Jumamosi. Karongi ndiyo kama katikati ya safari, mji mzuri, nilikula sambaza, samaki wadogo wa Kivu, usiku, asubuhi nikaondoka mapema nikisema nitakunywa chai mbele. Maduka yamefungwa. Kijiji cha pili, yamefungwa. Magari hakuna. Nikaanza kujiuliza kuna msiba gani wa kitaifa. Kumbe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi: umuganda. Nchi nzima iko kwenye kazi za jamii, wanazibua mitaro, wanapanda miti, mpaka saa tano hivi. Hakuna programu ya ramani iliyoniambia, ila kalenda ya ukutani ingeniambia. Nilisimama kwenye mtaro nikachimba na wenzangu nusu saa, na mzee mmoja akanigawia viazi viwili vya kuchemsha kutoka mfukoni mwa koti. Vya moto bado.

Mkienda kusini mtaona sahani inabadilika, na hili nililipenda. Kule Rubavu, karibu na volkano, viazi mviringo ndiyo mfalme, ibirayi kila sahani. Ukishapita Mugonero na kuingia Nyamasheke viazi vinapungua, muhogo unapanda. Ukikaribia Rusizi, wali unakuwa mwingi, mpunga unalimwa bonde la Bugarama, si mbali. Isombe, kisamvu chetu, inazidi kuwa tamu kadiri unavyoshuka. Nilikuwa najua nimefika wapi kwa kutazama sahani.

Kuhusu hao sambaza, kwa sababu nyumbani mtaniuliza. Ni samaki wadogo kama dagaa, wanakaangwa wakavu, ndimu juu. Kivu haikuwa nao, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanapiga makasia huku wanaimba. Samaki wanafika asubuhi. Kwa hiyo waulizie mchana au jioni ya siku hiyo, na mjue kuna miezi uvuvi unasimamishwa wazaliane. Mimi mtu wa dagaa wa Mwanza nimezaliwa nao, ninasema kwa uchungu: sambaza wametushinda. Mniue.

Sasa alama, maana mnazipenda. Kama kifaa cha njia, programu naipa tisa kwa kumi, haikunipoteza hata mara moja, na betri ilinitosha siku nzima nikiwa nimezima data. Kama kitafuta chakula, tatu. Moja ni ya miji, Rubavu, Karongi, Kamembe, huko alama ni za kweli. Moja ni ya mchoro wa miinuko, unakusaidia kujua ule sasa au mlima utakuua. Na moja ni kwamba nimeweza kuiongezea. Ipakue, ni bure. Ila weka noti ndogondogo za faranga, weka mayai mawili kwenye mkoba wa mbele, na chumvi.

Siku ya tano nimepita njiapanda ya Ntendezi, jua kali, natelemka Kamembe saa nane na dakika ishirini. Nimechelewa, najua nimechelewa. Simu imezimwa. Nimeona ukuta, baiskeli nne na pikipiki mbili. Pazia la maua ya bluu. Nikafunua, nikaanza Kinyarwanda changu cha siku tano, ibiryo... Mama wa pale akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu, akanijibu kwa Kiswahili cha Bukavu: "Chakula iko, papa. Nawa mikono."

Ugali wa muhogo, isombe, sambaza. Nilijenga ukuta na haukubomoka.