Viongezo vya chakula cha wana-kondoo: kabla ya kulipa, uliza habari za shaba

Wasomaji watatu wameniuliza mwezi huu swali lile lile: ninunue nini nichanganye kwenye pumba, wana-kondoo wangu wakue haraka? Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu langu limezikwa nyuma ya banda, huko barabara ya Kasapa. Mashimo matatu.

Mwaka jana nilikuwa na wana-kondoo 11, wametoka tu kuachishwa ziwa. Nikaenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kwenye depo moja ya vyakula vya mifugo, nikaonyeshwa unga wa kijivu ndani ya plastiki isiyo na maandishi, kilo tano. "Mama, hii iko ya nyama yote," muuzaji akaniambia. "Ngulube, mbuzi, kondoo, bote banakula." Yaani ya wanyama wote, toka nguruwe hadi kondoo. Nikalipa. Wiki sita za mwanzo sikuwa na neno. Walikula wakamaliza, manyoya yaking'aa, hata nikajigamba kwa jirani na kumgawia kilo moja ya mbuzi wake. Wiki ya nane mvua ikanyesha usiku kucha, banda likajaa maji, tukawahamisha gizani. Kulipokucha, lile dume nililokuwa nalitegemea kuliko wote lilikuwa limesimama peke yake, kichwa chini. Nikalifunua kope: ndani manjano kama papai. Likakojoa mbele yangu, mkojo una rangi ya chai kavu iliyolala kwenye birika. Jioni likafa. Wawili wengine wakafuata kabla ya Jumapili.

Daktari wa mifugo alipasua wa pili nikiwa nimeshika taa. Ini la manjano, figo nyeusi zenye mng'ao wa kibuluu kama chuma cha bunduki. Hakuniuliza habari za minyoo. Aliniuliza: "Mama, ulikuwa unawapa chakula cha ngulube?"

Sumu ya shaba. Hapa Lubumbashi, kwenye mkoa ambao toka 1971 hadi 1997 uliitwa Shaba, mimi ndiye niliyelipa dola ili kuwalisha kondoo wangu shaba.

Kwa hiyo leo msinitafutie asilimia ya protini wala ladha wala uzuri wa mfuko. Hayo kila muuzaji atakuimbia. Mimi naangalia jambo moja.

Ini la kondoo hulimbikiza shaba na halijui kuitoa vizuri. Mnyama anaonekana mzima, hata mnene, huku ini linajaa wiki kwa wiki. Kisha linakuja la kumshtua: safari ya lori, njaa, mvua, kuhamishwa. Ini linaimwaga shaba yote kwenye damu kwa mara moja, chembe nyekundu zinapasuka, na figo zinaziba. Ukiona manjano umeshachelewa. Tazameni viwango vya Umoja wa Ulaya: kilo moja ya chakula kamili cha kondoo isizidi miligramu 15 za shaba. Mbuzi anaruhusiwa 35. Watoto wa nguruwe waliotoka kuachishwa ziwa, 150. Ndiyo maana mbuzi wa jirani yangu wapo mpaka leo na ananitazama kama mchawi. Ndiyo maana pia neno "ya nyama yote" ni uongo, hata kama anayelisema ana tabasamu zuri.

Kwenye karatasi ya mfuko tafuta maneno haya: "cuivre" (shaba kwa Kifaransa), "Cu", "sulfate de cuivre", au namba E4 na 3b405, ambazo Ulaya huiandikia shaba. Ukikuta mojawapo kwenye orodha ya vilivyoongezwa, rudisha mfuko mahali pake. Usikubali kuambiwa eti ni kidogo tu, kwa sababu pumba na mashudu yana shaba yake tayari, na udongo wetu huku unajulikana kwa shaba. Pale linapoota lile ua la shaba, Haumaniastrum katangense, mimi sikati nyasi za kondoo.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni Levucell SC ya kampuni ya Lallemand, na sifichi kwamba naipenda. Ni hamira hai, aina ya CNCM I-1077, iliyochaguliwa kwa ajili ya wanyama wanaocheua. Naipendea jambo rahisi: ni hamira, si mchanganyiko wa madini kumi na mbili ambao huwezi kuukagua. Ikifika kwenye tumbo la kwanza inakula ile hewa ya oksijeni inayoingia na chakula, na vijidudu vinavyovunja nyuzi za majani, ambavyo haviipendi oksijeni, vinapata nafasi ya kufanya kazi. Inasaidia pia tumbo lisichachuke mno unapoongeza mahindi. Kwa mwana-kondoo anayetoka kwenye maziwa kwenda kwenye pumba, hicho ndicho kipindi kigumu, na ndipo nilipoona tofauti: mavi yalikaza, waliacha kubakiza chakula, walikuwa wanacheua mchana kutwa. Msitarajie muujiza. Kondoo anayekula mabua matupu, hamira haitamtengenezea nyama. Kipimo chake ni kidogo mno, hivyo ichanganye kwanza na kilo moja ya pumba, halafu hiyo kilo uichanganye na mfuko mzima. Usiiweke kwenye uji wa moto, itakufa. Mfuko ufungwe, ukae pakavu na penye ubaridi.

Kuipata ndiyo shida. Yangu inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mtu anayeleta mizigo, na kila mpaka unaongeza mkono wake kwenye bei. Tunanunua watatu na kugawana, na kila mmoja anachukua kopi ya karatasi ya mfuko. Ndiyo, tunagawa kwenye plastiki kama yule wa sokoni. Lakini karatasi inakwenda na unga.

Ya pili ni madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya kondoo, yameandikwa wazi kwamba hayakuongezwa shaba. Kama huna hela ya vyote viwili, anza na haya na uache hamira, ingawa moyo wangu uko kwenye hamira. Angalia kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi. Wenye madume wanaokula nafaka nyingi, waongeze kloridi ya amonia, kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya chakula, ili mawe yasiwazibe mkojo. Dume aliyezibwa anajikamua, analia, na tone halitoki. Niliwahi kuliona kwa shemeji yangu, sitaki kuliona tena.

Ya tatu ni bikabonati ya jikoni, kama asilimia moja ya nafaka, kwa wale wanaonenepesha haraka kwa mahindi. Haina maneno mengi.

Ya nne ni monensini, dawa inayochanganywa na chakula, na naiweka hapa kwa shingo upande. Inazuia ile kuhara damu inayoletwa na vijidudu vya koksidia, na kondoo anapata zaidi kutoka chakula kile kile. Ila kosa dogo la kipimo linaua, na punda au farasi akilamba kidogo tu amekwisha. Halafu, kwa kondoo, inaongeza shaba inayobaki kwenye ini. Mimi hapo nimeshafunga mlango. Inunueni kwa daktari tu.

Za bei ndogo: hamira ya mkate si aina ile ile. Urea ya shambani ni sumu kwa mwana-kondoo ambaye tumbo lake halijakomaa. Chumvi nyeupe ya kawaida ni nzuri, wapeni.

Nirudi kwa yule muuzaji, maana bado linaniuma. Siku ile nilimpa noti ya dola 20. Aliiinua kwenye jua, akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni, akakuta imechanika upana wa punje ya mchele. "Hii haipite, mama." Nikalazimika kumtafuta mtu wa kunibadilishia, nikapoteza franka zangu, nikarudi na noti safi. Noti yangu ilikaguliwa pande zote mbili. Plastiki yake haikuwa na herufi hata moja, na mimi sikuuliza.

Wiki iliyopita nilipita tena pale kununua chumvi. Unga ule wa kijivu bado upo, kilo tano tano. Sasa wanaufunga kwa uzi mwekundu na bei imepanda dola mbili.